Sarafu Kuukuu: Mnunuzi Akiulizwa Bei, Aseme

Ukurasa huu aghalabu huwa ni wa mashairi, lakini leo nawaomba radhi wapenzi wa tungo. Nataka kusema juu ya sarafu kuukuu, na juu ya uongo mmoja niliousema katika vilima vya Nyamira mwaka 1998. Ulikuwa uongo wa maneno matano tu, na nimekaa nao miaka yote hii.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kisii mjini, mtaa wa Nubia, walipokaa Waislamu tangu zamani. Sisi watu wa pwani twaijua Kisii kwa ndizi zake na kwa vinyago vya mawe ya Tabaka vinavyouzwa kwa watalii huku kwetu, basi, ujuzi wetu huishia hapo. Mimi kwa sababu ya dada yangu nimekuwa nikienda mara kwa mara, na safari hiyo ya 1998 nilifuatana na shemeji yangu aliyekuwa akinunua ndizi mashambani. Tulipita Keroka tukaingia upande wa Nyamira, tukafika kwa bibi mmoja mzee, omong'ina kama wasemavyo wenyewe. Shemeji akihesabu mikungu yake, mimi nikakaribishwa chai. Bibi aliposikia kwamba natoka Mombasa aliingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai, akaumwaga mkekani.

Zilikuwemo senti za tundu, zile tulizoziita ndururu, na thumuni mbili tatu za enzi ya Mfalme George. Katikati yake ikang'aa moja kubwa, nyeupe, iliyotobolewa karibu na ukingo ili ipite uzi. Upande mmoja ilikuwa na jua lililovishwa taji, upande wa pili mizani, na jina la mji wangu: Mombasa, 1888. Moyo ulinidunda. Ilikuwa rupia ya ile kampuni ya Kiingereza iliyokuja kutawala pwani kabla ya serikali yenyewe kuja, na mimi nilikuwa nimeiona katika sanduku la kioo tu.

Bibi akaniambia kwamba baba mkwe wake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wazungu vya 1914, akarudi na rupia hiyo imefungwa katika ncha ya nguo. Akaitoboa, akamvisha mwanawe shingoni. Kisha bibi akaniuliza, "Mwanangu, wewe watoka huko ilikoandikwa. Ina thamani gani?"

Nikajibu, "Ni chuma cha zamani tu."

Nikampa shilingi 200, akanishukuru, akaniongezea na ndizi. Mwezi uliofuata niliiuza kwa mchuuzi wa vitu vya kale hapa Mombasa kwa shilingi 2,500. Naye, nilivyosikia baadaye, alimwuzia mtalii.

Kabla sijaendelea na hesabu hiyo, yafaa msomaji ajue kitu kile kilikuwa nini, maana wengi tunavinunua na kuviuza vitu hivi kama maharagwe. Fedha ilipanda kutoka pwani kwenda bara kama ilivyopanda chumvi na kaniki. Sayyid Barghash alitoa pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882 au karibu yake, nazo zina picha ya mizani. Kampuni ya Kiingereza ilipotoa zake mwaka 1888 haikuona haya kuiga mizani ile ile. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Sasa mwulize Mkisii fedha kwa lugha yake ni nini, atakwambia chibesa. Ni pesa yetu ile ile, imevishwa nguo za kwao tu. Jirani zetu wa Tanganyika nao walilibeba neno la Wajerumani, heller, wakalifanya hela, na mpaka leo hela ndiyo fedha kwao. Serikali iliyozitoa imekufa zamani, lakini majina yamebaki midomoni mwa watu.

Wakisii hawakuzipokea sarafu hizi kwa furaha. Mali kwao ilikuwa ng'ombe, mbuzi na majembe ya chuma. Walipigana na Waingereza mwaka 1905, wakapigana tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki mtawala Northcote. Walipokwisha kushindwa wakadaiwa kodi ya kibanda, na kodi hiyo ilitakiwa kwa rupia, na rupia haioti shambani. Kwa hiyo kijana wa Kisii alikwenda kuitafuta katika mashamba ya Wazungu au katika kubeba mizigo. Ndipo nasema kwamba rupia ile ya bibi haikuwa pambo tu. Ilikuwa mshahara wa mtu aliyerudi, ilhali wenzake wengi hawakurudi.

Hapo ndipo mabingwa wa kukusanya sarafu na mimi tunapoachana. Mkusanyaji hutazama kwanza hali ya sarafu: je, sura yake imefutika? imekwaruzwa? imesuguliwa? Halafu hutazama uchache wake, na mwisho idadi ya watu wanaoitaka. Sarafu iliyotobolewa kwake ni maiti, bei yake hushuka hata robo na chini ya robo. Yule mchuuzi wangu aliniambia, "Laiti isingekuwa na tundu!" Mimi husema tundu lile ndilo lililokuwa na habari zote. Rupia zisizo na tundu zimejaa katika makabati ya London, na hapana ajuaye zilipita mikononi mwa nani.

Lakini nisiwapotoshe wasomaji wakadhani kila senti kuukuu ni hazina. La, nyingi si kitu. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa nane alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka, kisha akajiuzulu. Kwao hawakuwahi kutoa sarafu zenye sura yake zikatumika madukani, lakini ndururu na senti kumi za Afrika Mashariki zilitoka zina jina lake, kwa kuwa zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura ya mtu. Mtu akisikia habari hiyo hukimbilia mkebe wake akiona utajiri. Ole wake! Zilitolewa kwa mamilioni, na hata leo bei yake haimnunulii mtu kilo ya nyama. Shilingi za Mfalme George nazo, zile zilizotolewa tangu 1921 hadi 1946, watu huziita fedha tupu, kumbe fedha ndani yake ni robo tu, na tangu 1948 haimo kabisa. Reale ya Maria Theresa ndiyo inayodanganya zaidi. Imeandikwa 1780, na mwenye nayo huapa kwamba ina zaidi ya miaka 200, lakini tarehe hiyo haikubadilishwa kamwe, na huko Vienna wangali wakiipiga chapa hiyo hiyo hata sasa. Fedha yake ni safi ya kutosha, gramu 23 na kidogo kwa kila moja, hivyo mwenye reale 26 sandukuni mwaka mzima na aikumbuke zaka, maana amekwisha vuka nisabu. Hiyo naitaja kwa njia tu.

Zenye thamani ya kweli ni chache. Florini ya 1920 ni mojawapo, maana ilitumika kitambo kidogo mno kati ya rupia na shilingi, na nyingi ziliyeyushwa. Nyingine ni ile ya dhahabu yenye picha ya tembo, waliyoipiga Wajerumani kule Tabora mwaka 1916 walipokuwa wamezingirwa na vita. Zilipigwa zaidi ya 16,000 kidogo, na wakusanyaji wa ulimwengu mzima huzigombea.

Kwa ajili ya habari hizo za Wajerumani nilipata kuchekwa Kisii miaka michache iliyopita. Shemeji alinipigia simu kwamba kuna mzee karibu na mji ana sarafu za Kidachi. Sisi wapwani tulivyofunzwa na wazee wetu, Mdachi ni Mjerumani, na najua kwamba Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii mjini wakapigana na Waingereza tarehe 12. Nikasema lo, hizo lazima ni heller zilizodondoka vitani! Nikapanda basi. Kufika kwa mzee, akanifunulia kitambaa: sarafu saba nyeupe zenye sura ya mwanamke. Juliana, Malkia wa Uholanzi. Kumbe Mdachi wa mzee yule alikuwa Mholanzi, kama vijana wa leo wanavyoligeuza neno kwa kufuata Kiingereza.

Hata hivyo sikujuta nauli yangu. Katika miaka ya 1970, kuanzia 1973, walikuja Kisii wanafunzi na walimu wa chuo cha kilimo cha Wageningen, Uholanzi, kuchunguza udongo wa wilaya nzima, na kazi yao ikapigwa chapa kitabu mwaka 1982. Mzee alikuwa kijana akiwabebea vyombo, akiwachimbia mashimo marefu kuliko kimo chake ili wauone udongo unavyobadilika rangi. Mmoja wao alipoondoka alimwachia gulden hizo saba kwa ukumbusho. Akanionyesha maandishi madogo yaliyozunguka ukingo wa sarafu, mahali ambapo hakuna anayetazama: *God zij met ons*. Akaniuliza maana yake, nikamwambia, Mungu awe pamoja nasi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe walikuwa wakinilipa dua."

Akauliza na bei. Safari hii nilimjibu. Nilimwambia kwamba gulden za kabla ya 1967 zilikuwa na fedha ndani, lakini zake zote ni za baada ya hapo, nazo ni nikeli. Nikamwambia kwamba Uholanzi iliingia katika euro mwaka 2002, gulden 2 na senti 20 kwa kila euro, na muda wa kubadilisha sarafu ulikwisha mwanzoni mwa 2007. Kama angekuwa na noti za gulden, baadhi yake benki kuu yao ingali ikizipokea hadi Januari 2032, lakini noti hakuwa nayo. "Basi hazina bei," akasema. Nikamwambia hazina, ila kwako wewe. Nikadhani atahuzunika. Badala yake alinionyesha ujumbe katika simu yake, wa mtu aliyemwahidi shilingi 600,000 kwa sarafu hizo saba, ila kwanza atume shilingi 3,500 za kusajiliwa. Alikuwa amekwisha uza kuku kumi. Zilikuwa zimebaki shilingi 800 zitimie.

Basi hao ndio wezi wa aina mbili wanaowazunguka wazee wetu. Wa simu humwambia kwamba kisicho na thamani kina thamani, apate kula ada. Wa pili huja mwenyewe, amevaa kanzu safi, anywe chai, aseme kwamba chenye thamani hakina. Wa kwanza tunamlaani sote barazani. Wa pili tunamwita hodari wa biashara, na mara nyingi ni mmoja wetu.

Nimeyazungumza haya na wenzangu baada ya Isha, nao hawakunikubalia upesi. Mmoja akasema biashara ni maridhiano, na yule bibi aliridhika, tena alinishukuru. Mwingine, ambaye ni msomi kuliko mimi, akaniletea mas-ala tuliyosomeshwa sote wa madhehebu ya Shafi: mtu akinunua kioo kwa bei ya johari, akidhani mwenyewe kwamba ni johari, hana hiari ya kuvunja mauzo, kwa kuwa kutojua bei ni uzembe wake. Kwa hiyo bibi naye, akasema, hana daawa juu yako. Na wa tatu akasema ujuzi ni rasilimali: nimesoma, nimesafiri, nimejifunza kutambua sarafu, je, nisile jasho langu?

Huyu wa tatu nampa haki yake. Mchuuzi aliyepanda basi usiku kucha, akabahatisha mtaji wake, anastahili faida, wala sisemi anunue kwa 2,500 auze kwa 2,500. Kama ningemwambia bibi, "Hii yauzika Mombasa elfu mbili na kitu, mimi nakupa elfu moja, kwa sababu ya nauli yangu na shida ya kumpata mnunuzi," nadhani angenipa, na ningelala usingizi.

Ama wa kioo na johari, nilimjibu kwamba mas-ala yake ni sahihi lakini si mahali pake. Katika kioo kile hapana aliyeuliza, na hapana aliyedanganya. Mimi niliulizwa. Mas-ala yanayonihusu ni yale mengine, ya kuwalaki wenye misafara. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu wa mji wasitoke nje kuwapokea wenye bidhaa njiani wakanunua kabla wale hawajafika sokoni wakajua bei. Na maulamaa wetu wakasema, akifika sokoni akaona amepunjwa, ana hiari ya kuvunja mauzo. Angalieni, ndugu zangu: mwenye msafara naye aliridhika! Alipokea fedha yake mkononi na pengine alishukuru. Ridhaa yake haikutosha, kwa sababu ilijengwa juu ya kutojua, na mnunuzi alitoka mjini makusudi ili aiwahi hali hiyo ya kutojua kabla haijaondoka. Mtu anayetoka Mombasa kwenda Nyamira kuzichungulia senti za vikongwe, atofautiane vipi na yule? Soko la sarafu liko Mombasa, liko Nairobi, liko London. Bibi hatafika huko maisha yake yote, kwa hiyo siku ya kutumia hiari yake haiji. Hilo ndilo linalonifanya nione dhambi yake ni nzito zaidi, si nyepesi.

Msomi wangu hakujibu. Sikusema kwamba alishindwa, huenda alikuwa na usingizi.

Kuna na jambo la sheria, ambalo wachuuzi wetu wengi hujifanya hawalisikii. Kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kitu chochote cha kuchukulika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, kama si kitabu au hati, ni kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Pesa za Barghash zilizofika kwetu zama zake zimo humo, na rupia ya 1888 imo. Mara ngapi tumeziona zikiingia katika mfuko wa mtalii zikaenda zake uwanja wa ndege? Nami siwaombi watu wapeleke kila senti makumbusho. Ningetaka tu kwamba anayenunua aandike: imetoka kwa nani, alisema ameipataje, ilivaliwa au ilizikwa. Karatasi nusu inatosha. Na mwenye nayo asiisugue kwa majivu wala ndimu, maana kila anapoing'arisha anaikata bei na anafuta umri wake.

Mwaka jana nilikwenda tena Keroka, nikauliza njia mpaka kwa yule bibi. Amekwisha fariki, nikamkuta mjukuu wake, mwalimu wa shule, na mkebe ule ule juu ya kabati. Nilimweleza yote, na bei zote mbili, 200 na 2,500, nikaweka mbele yake bahasha. Nilikuwa nimepiga hesabu ya leo, si ya 1998. Hakuifungua. Aliniuliza ilikuwa na picha gani, kwa sababu baba yake alipokuwa mgonjwa alikuwa akiishika shingo yake kama anayetafuta kitu, na hapana aliyejua anatafuta nini. Nikaomba daftari, nikamchorea jua na taji, nikachora mizani, na tundu pale lilipokuwa. Sina mkono wa kuchora.

Kisha akamwaga mkebe, akachagua ndururu moja, akaigeuza mwangani. Ilikuwa ya 1936.

"Na hii, mzee wangu, ina thamani gani?"

"Shilingi mia," nikamwambia. "Ukipata mjinga, mia na hamsini."

Akacheka, akairudisha mkebeni.